Bakuli la Maji Chini ya Blanketi

Watu wakisikia kwamba niliwahi kurusha ndege huniuliza kama sikuogopa kuanguka. Hakuna hata mmoja anayeniuliza habari za shingo. Kuanguka nilikuogopa kama kila mtu mwenye akili zake, lakini kitu kilichokaribia kunitoa katika urubani kilikuwa shingo yangu mwenyewe, iliyofundishwa adabu ukweni huko Masoko, tena ikafundishwa vizuri mno.

Nianze na sanduku. Chuoni tulikuwa na chumba kisicho na dirisha, na katikati ya chumba hicho palikuwa na kijindege cha mbao, mabawa mafupi, kimekalishwa juu ya mifuko ya upepo iliyojaa na kunywea kama mivukuto ya mhunzi. Unaingia, unakaa, unafunikwa kwa kifuniko, na kuanzia hapo huoni kitu isipokuwa saa zilizo mbele yako: ya mwendo, ya kimo, dira, na ile inayokuambia kama mabawa yako sawa au yamelala upande. Ukivuta usukani, sanduku linainua pua. Ukiuzungusha, linazunguka nawe. Haliendi popote, ila mwili wako unaapa kwamba linakwenda. Nje anakaa mkufunzi na kipaza sauti chake, na juu ya ramani iliyo mezani pake kidude chenye magurudumu madogo kinachora kwa wino njia yote unayodhani unairuka. Hapo hapakuwa na kudanganya, maana wino ulikuwa unasema kila kitu.

Sisi tuliofika hatua ile tulikwisha kujua kurusha ndege tukiiona ardhi. Sasa tulitakiwa kuirusha bila kuona chochote, ndani ya mawingu, kwa kuamini saa peke yake. Ukifaulu sandukuni ndipo unapopelekwa kwenye ndege yenyewe kutafuta cheti cha kuruka kwa vyombo. Usipofaulu, unabaki kuwa rubani wa siku za jua, na nchi iliyokuwa imejitawala juzijuzi haikuwa na fedha za kumlisha rubani wa jua. Mimi natoka Rungwe, ambako mvua ikianza watu husahau rangi ya anga. Rubani wa jua kwetu angekufa njaa.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa. Mume wangu alikuwa fundi wa injini za ndege Dar es Salaam, na alinikuta pale pale uwanja wa ndege nikipiga taipu. Kabla ya kwenda chuoni nilikaa Masoko kwa wazazi wake kama bibi harusi, msimu mzima wa kahawa na zaidi, ili niive. Wasio Wanyakyusa huwa nawaeleza hivi: kwetu, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawajagombana, la hasha. Ni heshima. Mkikutana njiani, wewe mwanamke unaiacha njia, unageuza uso, unajifunika kanga na kuinama mpaka apite. Humtaji jina. Husemi naye, naye hasemi nawe. Akikaribia uani hukohoa, na kikohozi kile maana yake ni jifiche.

Mama mkwe alinifundisha kazi hiyo kwa bidii ambayo sijaiona tena, hata chuoni. Nikichelewa kuinama, alinifinya. Nikiinama nusu, alinisukuma kisogo. Mwisho ikawa sina haja ya kufikiri: sauti ya mzee ikisikika, kichwa changu kilikuwa kimekwisha kwenda chini na kando kabla sijajua ni nani anayesema. Majirani walisifu sana. Walisema huyu amesoma lakini amefundika.

Basi ikaja siku ya mtihani wa sanduku. Siku zote nilikuwa nimefundishwa na wakufunzi vijana wa rika langu, na mstari wangu wa wino ulikuwa umenyooka kiasi cha kuonyeshwa wengine. Siku ile mezani aliketi mkufunzi mkuu, mtu mzima mwenye mvi, sauti yake nzito na ya taratibu. Nikafunikwa, nikapaa, mambo yakaenda vizuri. Kisha akaniambia masikioni, kwa Kiingereza, nigeuke kushoto na kushuka. Nikageuka. Papo hapo dunia ikapinduka. Saa ilisema mabawa yako sawa, lakini kila mfupa wangu ulisema tunaviringika kama gogo. Nikarekebisha kisichokuwa na kosa. Nikatulia. Akasema tena, ikapinduka tena. Alipofungua kifuniko nilikuwa nimelowa jasho, na juu ya ramani wino ulikwenda vizuri, ukayumba, ukaenda vizuri, ukayumba, kama mlevi wa pombe ya kimpumu anayetafuta kwao.

"Kuruka huogopi," akaniambia. "Unaogopa redio. Kila nikisema, unapotea."

Nikamwambia siogopi redio. Akasema kanuni inaruhusu kurudia mara moja tu, baada ya likizo. "Ukishindwa, usivunjike moyo. Mashine yako ya taipu bado ipo."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana niliwaka. Mtu anayekutukana unaweza kumjibu. Huyu alikuwa ananionea huruma na kunirudisha nilikotoka, kwa upole, kama anayemrudisha mtoto kitandani. Niliapa moyoni kwamba mashine ile ataipiga yeye.

Nikaenda Masoko kwa likizo, mvua za masika zikiwa zimeshika. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta sanduku tupu la majani ya chai. Nikaliweka chini ya upenu nyuma ya jiko, nikalilaza ubavu, ubao wake mmoja nikauchora saa zote kwa mkaa. Kiti kilikuwa kigoda. Usukani ulikuwa mwiko wa ugali, uliokosekana jikoni kila ulipotakiwa. Nikajifunika blanketi na sanduku pamoja, nikaacha upenyo mdogo wa mwanga. Humo nilikaa kila asubuhi nikijipa amri mwenyewe na kuzijibu mwenyewe, macho yakitembea kutoka saa hadi saa. Hiyo ndiyo sheria ya kazi ile: macho yatembee, kichwa kitulie.

"Mwanangu," mama mkwe akaniuliza siku ya kwanza, ameshika kiuno, "ndege inapikwa kwa mwiko?"

"Ya kwetu, ndiyo, mama. Tunajitegemea."

Alicheka hadi akakaa. Baba mkwe hakucheka. Zizi la ng'ombe wake lilikuwa ng'ambo ya ukuta wa mianzi, hatua chache kutoka upenuni kwangu, na kwa kuwa hakuruhusiwa kusema nami, alisema na ng'ombe. Alikuwa na jike mmoja mweusi aliyempenda kuliko sisi sote. Mambo ya nyumbani alimwambia kwa Kinyakyusa. Mambo ya serikali alimwambia kwa Kiswahili, maana aliona ndiyo lugha yake.

"Gwe ng'ombe," nilimsikia akisema, "selikali imekosa wanaume? Inachukua mke wa mtu, inamfunika bulangeti mchana, inasema huyo lubani!"

Ng'ombe hakumjibu. Mimi ningeweza, lakini desturi ilikuwa imenifunga mdomo.

Siku chache baadaye nilitoka kisimani na chungu kichwani, kile kikubwa cha wafinyanzi wa Kikisi ambacho mama mkwe alikileta mwenyewe kutoka ziwani, chini huko Matema. Njia inapita katikati ya migomba na kukata kona. Nikiwa naikata kona ile, baba mkwe akakohoa mbele yangu. Sikuwaza. Nilizunguka kuingia migombani, na hapohapo kichwa kikaenda chini na kando. Chungu kikashuka kikapasuka, maji yakanimwagikia mgongoni, na dunia ikapinduka vilevile kama ilivyopinduka sandukuni. Nikashika mgomba nisianguke. Nikasikia hatua zake zikipita, zikasita kidogo kwenye vigae, zikaendelea.

Nilibaki pale nimelowa, nikicheka peke yangu kama mwendawazimu. Darasani tulifundishwa kwamba ndani ya sikio mna maji, nayo ndiyo yanayomwambia mtu kama yuko wima. Ukiwa unazunguka kisha ukainamisha kichwa ghafla, maji yale yanakorogeka na kukudanganya, na ukiwa gizani huna macho ya kuyakanusha. Tuliambiwa. Tuliandika. Sikujua tu kwamba ninainama. Mkufunzi mkuu alikuwa na sauti ya mkwe, nami kila aliposema nilimwinamia gizani, ndani ya sanduku, ambako hata Mungu asingenidai heshima ile. Redio nilikuwa nikiielewa vizuri sana.

Kujua ugonjwa si kupona. Nilijaribu kujikumbusha: usiiname, usiiname. Mzee akimsemesha ng'ombe wake, naikuta shingo imekwisha kwenda, na mimi nimefika baada yake. Ndipo nilipochukua bakuli la bati, nikalijaza maji, nikaliweka kichwani juu ya kata ya majani makavu ya mgomba, nikajifunika blanketi juu ya vyote. Sisi wanawake wa Rungwe tumebeba vitu kichwani tangu tunatambaa, bakuli halikunisumbua. Nikashika mwiko, nikaanza kuzunguka polepole juu ya kigoda kama sanduku la chuoni linavyozunguka, macho kwenye saa za mkaa, nikimsubiri mzee aje zizini.

Akaja, akakohoa. Bakuli lote likanishukia kifuani.

Nikalijaza tena. Akasema neno moja, likamwagika tena. Asubuhi ile nilioga maji ya baridi kuliko nilivyowahi kuoga tangu nizaliwe, na Masoko wakati wa masika maji ya baridi si mchezo. Mama mkwe aliponiona natetemeka akadhani homa. Nilipomweleza nia yangu, uso wake ukabadilika. Kicheko chote kiliisha.

"Unataka kumsikia baba yako na usiiname?"

"Ndani ya blanketi, mama. Hanioni."

"Nani amekuambia heshima ni ya macho yake?" Alishusha sauti. "Anayeacha kumwinamia mkwe tumbo lake hufunga. Utazaa nini wewe? Utazaa ndege?"

Sitasema maneno yale hayakuniuma. Sikuwa na mtoto bado, na kila mwezi nilikuwa nikihesabu kama mwanamke yeyote. Usiku nilimfikiria mume wangu, nikajiuliza kama nina haki ya kucheza na jambo ambalo si langu peke yangu. Asubuhi nikaamka na hasira, na hasira ikanijibu. Nilimheshimu mzee yule. Nilipalilia kahawa yake, nilimpikia, sikuwahi kumtaja jina hata ndotoni. Kama heshima yote hiyo haikutosha mpaka shingo yangu itoke hadi chuoni kumwinamia mtu baki, basi hiyo ilikuwa kamba, nami sikuwa mbuzi. Nikajaza bakuli.

Ikawa vita. Kikohozi nilikizoea kwanza. Maji yakawa yanacheza tu pembezoni. Kisha maneno mafupi. Lakini mama mkwe alikwenda kumnong'oneza mumewe, au alihisi mwenyewe, sijui, maana ghafla mzee akanyamaza. Alikuja zizini, alikamua, aliondoka, kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Siku za likizo zinakwisha, na mimi nahitaji sauti yake kama mgonjwa anavyohitaji dawa chungu. Sauti ya mtu mwingine haikunifaa. Nilimwomba mjumbe wetu wa nyumba kumi aje aseme chochote. Alisema habari za mkutano wa shamba la ujamaa mpaka nikasinzia, na tone moja halikudondoka.

Basi nikamchokoza. Kusema naye sikuruhusiwa, lakini kama yeye aliweza kusema na ng'ombe, mimi niliweza kusema na kuku. Asubuhi hiyo nilisubiri mpaka nikasikia maziwa yakigonga ndoo. Nikainua sauti chini ya blanketi.

"Enyi kuku," nikasema, "nimepita Kisiba, nimepita Bulyaga, ng'ombe mbavu nje kama wa hapa sijamwona."

Maziwa yakakoma. Jikoni nikasikia kitu kikianguka kutoka mkononi mwa mama mkwe.

Mzee alilipuka. Ewe ng'ombe, sikia unavyotukanwa na mtu ambaye hata nyasi hajakukatia! Alimweleza ng'ombe ukoo wake wote, mama yake, bibi yake, mahari ngapi zimelipwa kwa uzao wake, ikiwa ni pamoja na mahari ya mtu fulani asiye na shukrani anayekaa chini ya bulangeti kama kuku anayeatamia. Akahama kutoka Kinyakyusa kwenda Kiswahili, akarudi, akaingia kwenye selikali, akatoka. Alinguruma, akashuka, akapanda. Nami nilikuwa nazunguka kwenye kigoda, kushoto, kimo kinashuka, dira inahesabu, macho yanatembea. Shingo ilinivuta. Iliniuma kabisa, huku nyuma, kama mtu ameishika kwa mkono. Machozi yalinitoka kwa juhudi ya kutofanya kitu. Alipomaliza nilishusha bakuli kwa mikono miwili, nikatazama. Lilikuwa limejaa.

Kuanzia kesho yake sikuhitaji kumchokoza. Alikuja kila asubuhi baada ya kukamua, akaegemea ukuta wa mianzi, akanisema. Alinisema kwa raha zake, kila siku jambo jipya, na siku hizo jike wake alipakwa kila sifa iliyopo duniani. Mama mkwe alipika kimya, hakunitazama. Mwiko aliacha kuutafuta, alijichongea mwingine.

Niliporudi chuoni mkufunzi mkuu alinikaribisha kwa upole uleule. Nikaingia, nikafunikwa. Safari hii hakunipa nafasi ya kupoa: geuka, shuka, panda, subiri, geuka tena, sauti nzito moja kwa moja kwenye mfupa wa sikio. Katikati ya njia akanizimia saa ya mabawa makusudi, kuona nitafanya nini. Nilihisi shingo inataka. Nikaiacha itake. Nilikamata dira na saa ya mwendo, nikashusha sanduku lile polepole mpaka kimo alichotaka, na nikamjibu kila neno kwa sauti yangu kamili, uso mbele.

Alifungua kifuniko. Aliikung'uta ramani, akainyanyua kwenye taa. Wino ulikwenda moja kwa moja mpaka uwanjani.

"Nani amekufundisha?" akauliza.

"Watu wa nyumbani," nikasema, nikimtazama machoni. Wiki ile ile nilipelekwa kwenye ndege yenyewe, ndani ya mawingu yenyewe, na cheti nikakipata.

Nilirudi Masoko kahawa ikiwa imeiva. Baba mkwe alikuwa ameketi uani kwenye kiti chake cha uvivu, na mama mkwe aliponiona naingia kwa njia ya mbele badala ya kuzungukia nyuma, alinifanyia ishara za kila namna, mikono yote miwili. Niliziona. Niliingia nikasimama katikati ya ua, kanga mabegani.

"Ugonile, baba," nikasema. Ni salamu ya kwetu, na ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia.

Mama mkwe alijifunika uso yeye. Mzee aliinuka. Akakishika kiti chake, akakigeuza taratibu mpaka kikaelekea migombani, akaketi, akanipa mgongo. Aliposema, hakusema na ng'ombe wala na kuku.

"Mkamwana. Huko kwenye mtihani wa selikali, uliinama?"

Kumbe yote aliyajua, hata habari ya bakuli.

"Sikuinama, baba."

"Vizuli," akasema. "Huko usiiname. Lakini hapa ni kwangu. Hapa utainama."

Nilimpenda mzee yule wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda, na nilisimama palepale, nimenyooka, nikitazama kisogo chake chenye mvi. Sikuinama, naye hakugeuka kuangalia.